Kifua Kilichonyamaza

Mahery alikuwa katikati ya sentensi ndefu kuliko zote za hotuba yake, ile ambayo nusu ya mji wa Ambatolampy ilikuja uwanjani kuisikia, pumzi ilipomkatikia. Alisema, "Wazazi wangu, na ninyi mliozaliwa chini ya milima hii," akasimama. Watu waliokaa kwenye nyasi walidhani ni ufundi. Msemaji wa ngoma ya mashindano anayejua kazi yake huwaning'iniza wasikilizaji, na kwa kuwaning'iniza watu Mahery hakuwa na mpinzani. Wakasubiri kwa raha. Kisha akavuta hewa, na wale wa mbele wakasikia kifua chake kikipiga mluzi.

"Mwenzetu amekuja na tarumbeta ndani ya koti," akasema msemaji wa kundi pinzani kutoka upande wa pili, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Mkewe, Zoeline, alikuwa kwenye safu ya waimbaji, amevaa gauni refu la waridi la kundi lao, mashavu yamepakwa rangi nyekundu mpaka yanang'aa. Yeye hakucheka. Aliuona mkono wa mumewe ukishika paja kana kwamba unashika ukuta, akajua kifua kimembana tena. Akaanzisha wimbo kabla ya zamu yake. Wenzake walimtazama kwa mshangao, lakini wakaudaka, wapiga ngoma wakaudaka nao, na chini ya kelele hiyo Mahery akashuka kutoka katikati ya uwanja akitembea kwa heshima kama mtu aliyemaliza hotuba yake. Alipopita nyuma ya pazia la turubai akajibwaga juu ya sanduku la nguo.

Waliomfuata nyuma ya pazia walikuwa watatu: Zoeline, mama yake Mahery aliyeitwa Ravelo, na Razaka, mkuu wa kundi. Razaka alikuwa mtu mwema siku za kawaida, ila siku ya mashindano hakuwa na masikio. Alisema duru ya pili ni baada ya chakula cha mchana, na kwamba hotuba ya jibu ndiyo itakayoamua mshindi, kwa hiyo Mahery apumzike tu, anywe maji moto. Mama Ravelo alikuwa ameshamfungua mwanawe vifungo vya koti na kumsugua mgongo. Mahery akaitoa mfukoni pampu yake ya bluu, ile ya kuvuta dawa, akajipulizia mdomoni, mara moja, tena, tena. Ukungu mweupe ukamtoka puani na mdomoni kama moshi wa mtu asiyejua kuvuta sigara.

"Basi, inatosha," mama Ravelo akamwambia akiinyang'anya. "Hiyo kitu inachosha moyo. Unataka moyo usimame na kifua pia?"

Zoeline alimtazama mumewe shingoni. Juu ya mfupa wa kifua palikuwa na shimo dogo lililokuwa likizama kila alipovuta hewa, na kila mara lilizama zaidi. Alimwuliza kama ana nafuu. Mahery akajibu "ndiyo," akapumzika, akaongeza "kidogo." Mtu ambaye asubuhi ile alikuwa amemsimulia ndoto yake yote bila kupumua, sasa alihitaji kupumzika kati ya maneno mawili.

"Ninampeleka zahanati," Zoeline akasema.

Razaka akamwambia asifanye wazimu. Wakionekana wanambeba msemaji wao kumtoa uwanjani, wapinzani watakuwa wameshashinda, na watu watalisimulia jambo hilo mwaka mzima. Mama Ravelo naye alisema hali hii hupita, imepita mara ngapi. Zoeline akatoka nje, akamwona kijana wa jirani aliyeleta mkokoteni uliojaa masufuria ya kuuza pembeni mwa uwanja. Ambatolampy ni mji wa masufuria, na yeye na Mahery walikuwa wakiyatengeneza uani kwao, kwa hiyo mkokoteni ule aliujua vizuri. Akaanza kuyashusha masufuria chini mwenyewe, mawili mawili, yakilia kwa kishindo hata watu wakageuka kutazama.

Basi wakaondoka hivyo: Mahery amekaa mkokotenini na koti lake jekundu la mashindano, ameinama mbele, mikono juu ya magoti, Zoeline akisukuma kwa nyuma, gauni amelikunja kiunoni, viatu vya ngoma kavitupa, mama Ravelo akikimbia pembeni na kofia ya majani ya mwanawe. Razaka hakuwa na njia ila kufuata. Watoto walifikiri ni sehemu ya maonyesho, wakawasindikiza wakiimba.

*

Zahanati Jumapili ilikuwa na nesi mmoja wa zamu, mwanamke mfupi wa makamo, jina lake Nomena. Daktari alikuwa anapatikana kwa simu tu. Barazani kulikuwa na foleni ndefu ya akina mama wenye watoto wa mafua. Walipomwona Zoeline na mashavu yake mekundu na gauni la waridi lililojaa vumbi, wengine walijifunika midomo kwa shuka zao wacheke vizuri. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba wachezaji ngoma nao wana foleni yao, waisubiri.

Lakini habari njema ilikuwa imetokea njiani. Walipofika kona ya kanisa mluzi ulipungua ukaisha, na walipomshusha Mahery getini haukuwa umerudi. Kifua kimya. Amefumba macho, ametulia, kichwa kimeegemea bega la mama yake.

"Mnaona?" Razaka akasema, na uso wake ulichangamka kama wa mtu aliyesamehewa. "Imepita. Mpeni maji ya ukoko wa wali, tuondoke. Tukienda sasa hivi tunawahi duru ya pili."

Zoeline mwenyewe aliamini. Alimshukuru Mungu kwa sauti. Aliona haya hata kwa masufuria aliyoyamwaga, akafikiri atakavyomwomba radhi yule kijana. Alikuwa tayari kuugeuza mkokoteni.

Nesi Nomena alikuwa amepiga magoti mbele ya mtoto, anamtazama koo. Aliinua kichwa aone ni nani anayepiga kelele, akamwona Mahery. Akaacha kijiko chake mkononi mwa mama wa yule mtoto, akaja.

Alimwuliza Mahery jina lake. Mahery akafumbua macho, midomo ikatikisika, ikatoka "Ma" peke yake. Nesi akamshika kidole, akatazama ukucha, akamwinua kope. Halafu akaweka kipimo chake cha masikioni kifuani, upande huu, upande ule, mgongoni juu, mgongoni chini. Zoeline alikuwa anautazama uso wake akingoja uchangamke kama wa Razaka. Ukakakamaa.

"Amenyamaza tangu lini?"

Zoeline akamwambia, tangu pale kona ya kanisa. Ana nafuu sasa, akasema. Mluzi umekwisha.

"Hana nafuu. Mluzi ni hewa inayopita kwenye tundu jembamba. Hapa sisikii mluzi kwa sababu hakuna hewa inayopita. Mshike mguu huo, dada, tumwingize ndani. Sasa hivi."

Razaka akasimama mlangoni, ameuziba kwa mikono yake mirefu. Hakuwa amekusudia ubaya, ila alikuwa anasikia ngoma za uwanjani kwa mbali, na alikuwa amemwona mtu wake akitulia kwa macho yake mwenyewe. Akamwambia nesi kwamba yeye amewaona wagonjwa wa pumu tangu utotoni, na mgonjwa wa pumu akinyamaza amepona, kila mtu anajua; asiwatishe watu ili zahanati ipate cha kufanya.

"Mzee," nesi akasema bila kupandisha sauti, "huyu hajatulia. Amechoka. Akichoka kidogo zaidi ataacha kuvuta kabisa. Nipishe, au shika huku chini unisaidie kubeba."

Razaka akashika huku chini.

Yaliyofuata Zoeline aliyakumbuka baadaye vipande vipande, kwa sababu yalikwenda mbio. Mtungi wa oksijeni uliovutwa kutoka pembeni ukikwaruza sakafu. Barakoa juu ya uso wa Mahery. Nesi akiuliza nani ana chupa ya maji, ile ya plastiki, na mmoja wa akina mama wa foleni, yule yule aliyewacheka, akimwaga maji ya mwanawe chini na kuikimbiza chupa ndani. Nesi akaitoboa kitako kwa mkasi uliopashwa moto, akachomeka pampu pale, akaufunga mwanya kwa plasta, na mdomo wa chupa akauweka kati ya midomo ya Mahery. Akabonyeza. Akamwambia apumue tu, polepole, ndani, nje, dawa itamngoja chupani. Akabonyeza tena. Simu alikuwa ameibana kati ya sikio na bega, anamweleza daktari alichokiona na ambacho hakukisikia, na Zoeline akaisikia sauti ya daktari ikitaja dawa za sindano, ikimalizia kwa kusema, endelea hivyo hivyo, nakuja. Sindano ikaingia mshipani. Chupa tena.

Mama Ravelo alikuwa ameanza kuomba kwa kunong'ona. Razaka amesimama ukutani na kofia ya Mahery, anaizungusha mikononi. Uwanjani tarumbeta zililia kuwaita waimbaji wa duru ya pili, kila mmoja mle chumbani alizisikia, na Razaka hakutikisika.

Ndipo mluzi ukarudi.

Ulianza mwembamba kama wa birika linalokaribia kuchemka, kisha ukajaza chumba. Zoeline aliushika mkono wa nesi.

"Unarudi, nesi. Ugonjwa unarudi."

Nesi Nomena alikuwa ameweka kipimo kifuani tena. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu walipofika, meno yote nje kama msichana.

"Acha urudi. Huo ndio niliokuwa nausubiri. Sikiliza mwenyewe." Akavua kipimo, akamchomeka Zoeline masikioni. Ndani ya kifua cha mumewe mlikuwa na mbinja na milango inayokwaruza na vyura wa bondeni, vyote kwa pamoja. "Hewa inaingia. Saa ile hamkuwa na kitu humo."

Zoeline akasikiliza, akacheka na kulia, na rangi nyekundu ikamteremka mashavuni hadi kwenye kola ya gauni. Alimpokeza mama mkwe wake kipimo naye asikie. Hata Razaka aliomba.

*

Asubuhi yake Mahery alikuwa ameketi kitandani anakula wali na kulalamika kwamba hauna kitoweo. Daktari alikuwa amekuja, amempima, amemwandikia vidonge, na amesema apitishe hapo siku moja zaidi. Nesi Nomena akaja na kiti chake, akakaa kama mtu aliyekuja kuzungumza na jirani. Akaomba aone dawa zote walizonazo nyumbani.

Zoeline alikuwa amekwisha kwenda kuzileta, kwa sababu hapo alikuwa na jambo la kujivunia. Pampu ya bluu ilikuwa karibu kwisha, ndiyo, lakini ile ya kahawia waliyopewa na nesi mwenyewe wakati wa mavuno, hii hapa, bado ndani ya boksi lake. Alikuwa ameifunga kwa kitambaa na kuiweka sandukuni na nguo za kanisani. Alisema aliona ni dawa ya thamani, akaamua iwekwe kwa ajili ya siku ya ugonjwa mkubwa. Mahery akiwa mzima hakuna haja ya kuichezea.

Nesi akaitikisa karibu na sikio, imejaa. Zoeline akauona uso wake, akaelewa kwamba kuna kosa, ingawa hakulijua. Joto likampanda shingoni mbele ya wagonjwa wengine waliogeuka kusikiliza.

"Mliponiambia wakati ule kwamba mmeelewa," nesi akasema, "niliwaamini. Nilisema mengi, mkaitika, tukaagana vizuri. Sikuwauliza mlichosikia. Leo tutafanya kinyume. Ninyi ndio mtakaosema." Akamgeukia Mahery. "Bwana, nionyeshe unavyovuta hii ya bluu."

Mahery, ambaye hakuna alichokipenda kuliko maonyesho, akajinyoosha, akafungua mdomo, akaishika pampu mbali kidogo, akajipulizia ulimini, akafumba mdomo na kumeza. Mgonjwa wa kitanda cha pili akapiga makofi.

Nesi hakucheka. Alimwuliza kama amewahi kuona pumu ya ulimi. Mahery akasema hapana. Basi wakaanza upya: tikisa, toa pumzi yote, funga midomo vizuri, bonyeza huku unavuta taratibu, ishikilie ndani. Mara ya kwanza alivuta kwa pua. Mara ya pili alikohoa. Ya tatu ukungu haukutoka tena puani, na nesi akamwonyesha mkewe kwa kidole: angalia, hakuna moshi, yote imeingia.

Ile ya kahawia ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu haikuwa mambo ya mikono bali ya akili. Mama Ravelo alisema wazi kwamba mtu mzima kutumia dawa kila siku ni kujizoesha, na moyo utadhoofu. Nesi hakumkatalia mara moja. Alimwuliza bomba la moshi la tanuri lao, pale wanapoyeyusha alumini, hulisafisha lini.

"Likiwa limepoa," mama Ravelo akajibu. "Utalisafishaje linawaka?"

"Na msipolisafisha?"

"Masizi yanajaa, linaziba, moshi wote unarudi ndani."

"Sasa, mama, kifua cha mwanao kimevimba ndani hata siku ambazo yeye anacheka na kuhutubia. Hii ya kahawia ni ya kutuliza uvimbe huo kabla haujaziba njia. Asubuhi na jioni, akiwa mzima, halafu asukutue mdomo na kutema. Hii ya bluu ni ya siku ya moto. Na huo moyo kumwenda mbio kidogo akivuta ya bluu, ni kweli mnauona, unapita. Kilichotaka kumuua jana hakikuwa moyo."

Mama Ravelo aliitwaa ile pampu ya kahawia, akaigeuzageuza. Kisha akamwambia Zoeline, kwa sauti ya mtu anayetoa amri nyumbani kwake, aitoe hiyo dawa kwenye nguo za kanisani isije ikasahaulika huko tena.

Nesi akamtaka Zoeline arudie yote kana kwamba nesi ndiye mgonjwa. Alirudia. Alikosea kwenye kusukutua, akarudia. Mwisho nesi akamfundisha kitu ambacho hakikuwa ndani ya pampu yoyote: atazame shimo la shingoni, amsikilize mumewe si anasema nini bali anapumzika wapi, asiulize kama ana nafuu, kwa sababu mwanamume wa jukwaani atasema ndiyo mpaka kaburini. Na akiona ameanza kukata sentensi, asingoje mluzi, asingoje kimya.

*

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mahery hakuruhusiwa tena kukaa kwenye moshi wa tanuri, na katika ua wao mtu asiyemimina alumini hubaki na kazi ya kusugua masufuria kwa mchanga na tupa, kazi ya wanawake na wanaojifunza. Wenzake walimtania. Walimwita shangazi. Kila asubuhi Zoeline alipomletea pampu ya kahawia na kikombe cha maji alisema yeye ni mzima, na kila asubuhi Zoeline alibaki amesimama hapo hapo na kikombe mpaka akaivuta.

Siku moja ya baridi kali alikuja mnunuzi kutoka Antananarivo, mtu wa duka kubwa, anayetaka masufuria ya kujaza gari zima. Mahery ndiye aliyejua kuuza. Maneno yake yalikuwa mali. Akamkaribisha mgeni uani, karibu na tanuri ili apate joto, akaanza kumsifia bidhaa. Upepo uligeuka, moshi ukawafunika wote wawili. Zoeline alikuwa anachambua mchele mlangoni. Hakusikia mluzi. Alisikia mumewe akisema, "Sufuria hili, bwana," akapumzika, "halipindi," akapumzika, "hata ukilidondosha."

Akaweka ungo chini. Akaja, akamtazama shingoni. Akaingia ndani, akatoka na pampu ya bluu na ile chupa iliyotobolewa waliyorudi nayo kutoka zahanati, akampa mbele ya mgeni. Mahery alivuta, macho yake yakimwambia atajuta. Zoeline akangoja. Alimsikiliza tena akijaribu kuimalizia sentensi yake, na bado aliikata.

"Twende kwa nesi," akasema.

Mahery akamwambia akiuma meno kwamba hana kitu, kwamba hata kifua hakilii, kwamba huyu mtu ana gari tupu barabarani, atakwenda kwa wengine. Mgeni akaanza kutazama saa. Ilikuwa biashara ya msimu mzima, na Zoeline alijua hivyo kuliko wote. Akamwambia mgeni, kwa heshima zote, kwamba mama mkwe wake atamwonyesha masufuria, na kwamba kama ana haraka hawatamlaumu. Kisha akamshika mumewe mkono mbele ya ua mzima.

Walikwenda kwa miguu yao. Nesi Nomena alisikiliza kifua, juu, chini, akasema hewa inaingia pote, ila njia zimeanza kubana. Mmekuja wakati wake. Alimpa dawa kwa chupa, akamweka benchini, akampima tena, akamwongezea vidonge, akawatajia dalili za kumrudisha. Kabla ya adhuhuri aliwaruhusu. Akamwuliza Zoeline ni nini kilichomfanya aje na mtu ambaye hakuwa hata na mluzi.

"Alikuwa anauza sufuria kwa vipande," Zoeline akasema.

Nesi alicheka mpaka akashika meza.

Njia nzima ya kurudi Mahery aligomba. Alisema ameaibishwa mbele ya mgeni na mbele ya wasaidizi wake, kwamba mke wa nani huko duniani humburuta mumewe katikati ya bei kama mbuzi aliyevunja kamba, kwamba yule bwana wa Antananarivo bila shaka saa hizi yuko kwa jirani anahesabiwa masufuria yaliyopinda na kuambiwa ni mazuri, na kwamba yeye tangu leo hatatazamwa tena shingoni na mtu yeyote, awe amemwoa au hajamwoa. Alilisema lote hilo wakipanda kilima cha kanisa, kwa mkupuo mmoja, bila kupumzika popote. Zoeline alitembea kando yake na shuka yake begani, anasikiliza kila neno kwa furaha, na alipoona anakaribia kumaliza akamchokoza kidogo ili aendelee.